Magitaa Matatu Kwenye Kapu la Vinginevyo

 Wazee wangu wa dansi, naomba mnivumilie, maana nimekuja na ubishi.

Kila nikisema kwamba najifunza gitaa la solo kwa kusindikizwa na simu, jibu ninalopewa ni lile lile: "Hiyo siyo bendi. Mashine haina roho. Sisi tulijifunza kwa watu." Nimelisikia Kirumba, nimelisikia Pasiansi, nimelisikia hata kwa kijana wa rika langu ambaye hajawahi kushika gitaa lakini baba yake aliwahi. Linatamkwa kwa uhakika ule ule anaokuwa nao mtu wa Igombe akikwambia kuwa sato wa kizimbani si sato.

Nusu ya jibu hilo ni kweli, na nitaikubali hapa chini. Nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika, kwa sababu inamlaumu mwanafunzi kwa kukosa kitu ambacho simu haikumnyima.

Kwa asiyezijua programu hizi, kazi yake ni rahisi kueleza. Unaandika mpangilio wa kordi za wimbo, unachagua mdundo na mwendo, unabonyeza, na simu inakupigia besi, dramu, na kinanda au gitaa la kusindikiza. Wewe unapiga sehemu iliyobaki. Ukitaka mpiga besi anyamaze, ananyamaza. Ukitaka mwendo ushuke kutoka mapigo 120 kwa dakika hadi 70, unashuka na hakuna anayeguna. Ukitaka kurudia mizunguko minne migumu mara 50, itarudiwa mara 50. Ninayoitumia zaidi inaitwa iReal Pro. Haina sauti ya mwimbaji wala melodia ya wimbo. Ina kordi tu na bendi ya kuzipiga.

Wazo lenyewe lina umri wa babu. Mwaka 1950 huko New York, Irv Kratka alianza kutoa santuri za Music Minus One: muziki kamili, chombo kimoja kimeachwa wazi ili mnunuzi akipige mwenyewe nyumbani. Mwaka 1967 mpiga saksafoni na mwalimu wa Indiana, Jamey Aebersold, akatoa santuri ya kwanza ya mfululizo wake wa kujifunzia jazi, ambao hatimaye ulipita juzuu 130. Ujanja wake ulikuwa kwenye spika: upande mmoja uliwekewa besi na dramu, upande wa pili piano na dramu. Mpiga besi alizima upande wa besi akakalia kiti chake. Mpiga piano alifanya vivyo hivyo upande wa pili. Mwaka 1990 Wakanada wakaleta Band-in-a-Box kwenye kompyuta, na leo jambo hilo liko kwenye simu.

Katika historia hiyo shikeni jambo moja, maana nitalirudia. Waliopiga kwenye santuri za Aebersold hawakuwa wanagenzi. Ron Carter, aliyekuwa mpiga besi wa Miles Davis miaka ya 1960, yumo. Kenny Barron yumo kwenye piano. Hawakusimama mlangoni kumkemea mtoto aliyejifungia chumbani na santuri. Waliingia ndani ya santuri, wakamsubiri huko.

Sasa tuje kwetu. "Tulijifunza kwa watu." Sawa, ila naomba sentensi hiyo isemwe yote. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi Jazz ilikuwa ya polisi. UDA Jazz ilikuwa ya shirika la mabasi, Bima Lee ya shirika la bima, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kulelewa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Magitaa, vipaza sauti na dramu vilinunuliwa na taasisi. Mpigaji alikuwa na mwajiri, na mazoezi yalikuwa kazini. Kijana mwenye kipaji alikaa pembeni ya mkongwe siku baada ya siku, akimwangalia vidole, mpaka siku mkongwe alipougua na kiti kikawa wazi.

Ule ulikuwa mfumo mzuri sana wa kufundisha muziki, na haukuwahi kuitwa shule. Mashirika yalipoanza kuyumba na mengine kubinafsishwa, bendi nyingi zilibaki yatima. Msondo na Sikinde walihimili, wengi hawakuhimili. Kwa hiyo sentensi nzima ni hii: tulijifunza kwa watu waliolipwa mshahara, kwa vyombo vya shirika, ndani ya ukumbi wa shirika. Mkimwambia binti wa leo "jifunze kwa watu" bila kutaja mshahara, vyombo na ukumbi, mnamwelekeza kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa, kisha mnashangaa kwa nini hajafika.

Na nimesema binti kwa makusudi. Wapiga magitaa tunaofundishwa kuwakumbuka, kuanzia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, karibu wote ni wanaume. Mwanamke alikuwa na nafasi mbele, kwenye kipaza sauti au kwenye kunengua. Nyuma, kwenye nyaya, hakuwa na kiti. Mwaka juzi nilikwenda na gitaa langu mgongoni kwenye mazoezi ya bendi moja ya huku kwetu, ambayo sitaitaja. Kiongozi alinipokea vizuri, akaniagizia soda, kisha akaniuliza kama ninaweza kuimba. Nikamjibu kuwa ninapiga gitaa. Akacheka bila ubaya wowote: "Gitaa litakuharibu vidole, binti. Sisi tuna upungufu wa mnenguaji." Nilikaa pale mchana kutwa nikaondoka bila kuchomeka waya.

Simu haikuniuliza kama ninaweza kunengua. Siitukuzi kwa hilo. Kutouliza si wema, ni kwamba haijui kuuliza. Lakini nimepanga chumba Nyasaka. Mchana niko kwenye masomo ya uzamili au kwenye daladala. Ninaposhika gitaa ni saa tatu usiku, na ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Ni bendi gani ya watu itakayokuja saa hizo, ipige kwa sauti ya kuingia masikioni mwangu peke yangu, irudie mizunguko minne ile ile mara 50, na umeme ukikatika iendelee? Kabla ya simu, msichana kama mimi hakuwa na chaguo kati ya mashine na watu. Alikuwa na chaguo kati ya mashine na kimya.

Ile nusu ya kweli ni hii. Simu haisikilizi. Nikikwama kwenye mzunguko wa sita, yenyewe inaendelea hadi wa saba kama dereva asiyesikia "shusha". Bendi ya watu ingenibeba: mpiga ridhimu angezunguka palepale, mwimbaji angeongeza kibwagizo, na ukumbini asingejua mtu. Katika dansi, kutoka kwenye sehemu ya taratibu ya mashairi kwenda kwenye chemko hakupangwi kwa hesabu. Mtu anatoa ishara, kwa gitaa, kwa dramu au kwa jicho, kwa sababu ameona watu wamejaa katikati. Programu inataka niiambie mapema ni mizunguko mingapi, kabla hata mtu mmoja hajasimama.

Aliyewahi kwenda Bulabo, pale Bujora, Kisesa, ameliona jambo hili kwa ukubwa wake. Wagika na Wagalu wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wanahamia kwa anayewavutia. Mpiga ngoma anapiga huku akihesabu watu kwa macho. Asiyeona kwamba wanamkimbia amekwisha. Hakuna programu itakayomfundisha mtu kuona hivyo, na mwenye kutumia simu miaka mitano bila kukaa na binadamu mmoja atakuwa mpigaji kiziwi. Nakubali.

Hofu yenu nayo ina mzizi. Mliona taarabu ya miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilivyokalia viti vya fidla, ganuni na akodioni, na watu watano wakafanya kazi ya watu ishirini na zaidi. Mliona wasanii wakipanda jukwaani na CD, mdomo unafunguka na kufunga, na aliyelipa kiingilio hana wa kumlalamikia. Mlipoteza kazi kwa sababu ya mashine. Ningekuwa nyinyi, ningekuwa na hasira vilevile.

Lakini hayo yalitokea jukwaani, mbele ya mtu aliyelipa. Mimi nazungumzia chumbani. Mwimbaji wa CD anatumia mashine ili asihitaji mpiga besi. Mimi ninatumia mashine ili siku nikikutana na mpiga besi nisimpotezee muda. Kuyaweka mambo hayo mawili kwenye hukumu moja ni kama kumfungia mtoto daftari la hesabu kwa sababu kuna mhasibu aliyeiba.

Kosa halisi la bendi yangu ya simu liko kwingine, na sijasikia mzee yeyote akilitaja. Dansi letu halimo humo.

Nikifungua orodha ya midundo nakuta swingi, bosanova, samba, bolero. Cha-cha ya Kuba imo, son ya Kuba imo. Hapo ndipo inapouma, maana wazee wenu walizisikiliza santuri za Kuba wakazigeuza kuwa kitu chao. Salum Abdallah huko Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Babu wa muziki wetu yumo kwenye simu. Mjukuu hayumo. Nikitaka kufanya mazoezi ya chemko ninaazima mdundo wa babu na kujifanya sisikii tofauti.

Nilijaribu njia nyingine. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter. Unaipa wimbo uliokwisha kurekodiwa, nayo inautenganisha kwenye makapu manne: sauti ya mwimbaji, dramu, besi, na vinginevyo. Ukitaka kapu la tano, unapewa la piano. Kwa mwanafunzi ni neema: unaondoa chombo chako kwenye wimbo, unapiga mahali pake. Basi nikaipa wimbo wa dansi wa miaka ya 1970. Mwimbaji alitoka vizuri. Besi ilitoka na vumbi kidogo. Kapu la piano lilikuja na mabaki ya hapa na pale, kwa kuwa bendi haikuwa na piano. Na magitaa yote matatu, solo, solo la pili na ridhimu, pamoja na saksafoni na tarumbeta, yalirundikwa mahali pamoja, kwenye kapu la vinginevyo.

Nililisikiliza kapu hilo kwa muda mrefu. Mnajua vizuri kuliko mimi kilichomo. Ridhimu inashika mwendo, solo la pili linaweka kifungu kifupi kinachojirudia, na solo linapita juu yake. Ukitoa kimoja viwili vinavyobaki vinaonekana vimepungukiwa na akili. Mazungumzo yote ya dansi yako hapo. Kwa programu ile, mazungumzo yote yanaitwa vinginevyo. Wala siwalaumu mainjinia wa Paris. Walitengeneza makapu kwa muziki waliokuwa nao mezani. Piano ilipata kapu lake kwa sababu kuna watu waliodai piano. Sisi hatukudai.

Na kanda za zamani hazitatuokoa zenyewe. Nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania, bendi ikipiga kwa pamoja. Hakuna kanda ya gitaa la ridhimu peke yake inayosubiri kabatini. Gitaa hilo peke yake liko mahali pamoja tu, kwenye vidole vya mliolipiga, na vidole hivyo havizidi kuwa vijana.

Nina ushahidi wa dakika nne na nusu. Kitangiri kuna fundi cherehani aliyepiga besi ujana wake. Nilimpelekea sketi kuongezwa kiuno, tukafika kwenye gitaa. Wiki iliyofuata nilimpelekea besi ya kuazima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo simu yako inajua kusubiri?"

Nikamwambia haijui.

"Basi irekodi mimi."

Akapiga zile kordi ambazo programu hunipigia kila usiku: ya kwanza, ya nne, ya tano, ya nne. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Lakini besi ya programu inajaza kila pengo, kama mtu anayeogopa kunyamaza mbele ya wakwe. Ya fundi iliacha mapengo. Palipotarajiwa noti nzito hapakuwa na kitu, halafu noti ikaja ikiwa imechelewa kidogo, na gitaa langu, ambalo kwa miezi lilikuwa likigombea nafasi, likapata mahali pa kupita. Alipomaliza nilimuuliza kwa nini anaruka pale. Akanijibu huku akiitafuta sindano: "Pale ni pa mwenzio wa ridhimu. Nikipiga mimi, yeye atakula wapi?"

Tangu hapo rekodi hiyo ndiyo bendi yangu. Iko kwenye simu ile ile, inapita kwenye waya ule ule, na haisikilizi zaidi ya programu. Nikikwama inaendelea vilevile. Kwa kigezo chenu nayo ni mashine. Lakini imenifundisha kitu kuhusu dansi ambacho simulizi za "enzi zetu" nilizomwagiwa hazikunifundisha. Kilichobadilika ni aliyemo ndani ya simu.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na nakidai kwenu kabla ya kukidai serikalini. Kila mwenye besi ya dansi mikononi, au ridhimu, au solo la pili, au tumba, aketi chini aipige peke yake, dakika tano, kwa mwendo wa polepole, wa kati na wa kweli. Kordi tatu zinatosha kuanzia. Si lazima ziwe nyimbo za mtu. Kinachotakiwa ni mapigo ya mtindo wenu, na tungo zibaki kwa watunzi wake. Mseme kwa sauti, mwanzoni mwa rekodi, ni mtindo gani, ni mwendo gani, na ni nani anayepiga. Mkifanya hivyo watu kumi, mpiga solo yeyote wa Nyasaka, wa Songea au wa Muscat atakuwa na bendi. Na atakayetengeneza programu kesho hatakuwa na kisingizio cha kutuweka kwenye vinginevyo.

Mlipwe? Ndiyo, mlipwe. Walionunua santuri za Aebersold walilipa, na wapigaji waliopiga humo walikuwa kazini. Mwanafunzi anayenunua vocha ya intaneti kila wiki anaweza kununua besi ya mzee wa Kitangiri. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ina walimu na wanafunzi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo. Hawa wana wajibu, na ni aibu kwamba mpaka leo msichana anarekodi urithi wa dansi kwenye simu, kwa besi ya kuazima, katikati ya vipande vya vitenge.

Wapo watakaosema kwamba mkifanya hivyo vijana watakuwa wavivu, hawatakuja tena kuwatafuta. Nami nawauliza: wangapi wamekuja mwaka huu? Waliokatazwa simu wamehamia wapi, kwenye mazoezi yenu au kwenye kutazama mpira? Mimi nilikwenda kwa fundi kwa sababu simu ilikuwa imenifikisha mahali pa kusikia kwamba kuna kitu inakosa. Asiyepiga kabisa hafiki mahali hapo. Hana swali la kuwaletea.

Na wapo watakaosema mtaibiwa mapigo yenu. Wazee wangu, mapigo hayo mliyapata kwa kuwatazama wenzenu vidole. Hakuna aliyewatoza. Kinachoyatishia sasa ni misiba, na katika misiba hiyo ninawasikia mkisema, kwa uchungu wa kweli, kwamba marehemu ameondoka na gitaa lake. Ameondoka nalo kwa sababu hakuna aliyemwekea simu mezani akamwambia, baba, tafadhali, piga peke yako.

Simu zenu zina kinasa sauti. Anzeni na besi.